Baiskeli ya Kukunja ya Mama Divine

Vijana wangu, mmekuja mara tatu kuniomba niwaandikie siri za kazi, na mara zote tatu nimewapa chai badala ya siri. Si uchoyo. Nimetengeneza baiskeli hapa Durban miaka ishirini na sita, na kabla ya hapo miaka kumi na moja kule kwetu Uvira, Kongo, lakini nikikuna kichwa kutafuta siri sioni hata moja. Ninachokiona ni makosa. Basi nitawapa makosa, maana hayo ninayo ya kutosha. Moja nitalieleza kwa urefu, kwa sababu nusura limkoseshe mtu kazi, na kwa sababu baiskeli yenyewe imeegemea ukuta hapa chumbani ninapoandika.

Kwanza nianze na kosa dogo, la kuchekesha, ili mnizoee.

Nilipofika Greyville nilipokelewa na Uncle Sunny, Mhindi wa hapa hapa Durban, mwenye duka la baiskeli karibu na uwanja wa mbio za farasi. Kila mtu alimwita Uncle, hata wazee waliomzidi umri. Nilimwambia mimi ni fundi kamili. Nikamhadithia baiskeli nilizozitengeneza Uvira, zilizobeba bidoni, yaani madumu, sita za mawese kwa safari moja, na moja iliyombeba bibi harusi pamoja na sanduku lake. Uncle akatikisa kichwa kwa heshima, akanipa baiskeli ya kwanza. Mwenye baiskeli alilalamika kwamba gia zinaruka.

Sasa eleweni: Uvira baiskeli ilikuwa na gia moja. Gia ya pili ilikuwa miguu yako mwenyewe, pale uliposhuka ukasukuma. Nilipoiona ile baiskeli yenye magurudumu ya meno yaliyopangana nyuma kama sahani kabatini, na kile kidude kinachoning'inia na kuusogeza mnyororo, nilijua mara moja kwamba ugonjwa umo humo. Nikayatoa yote. Nikaacha gurudumu moja la meno, nikaukata mnyororo, nikapaka grisi. Kufikia saa sita mchana baiskeli ilikuwa safi, kimya, na ina gia moja. Mwenyewe alipokuja akaitazama, akanitazama mimi, kisha akamtazama Uncle Sunny. Hakuna gia iliyokuwa ikiruka tena, hilo lazima mkubali.

Uncle hakunifokea. Alimkalisha mteja, akampa chai, akamwomba arudi kesho. Mchana wote tukakirudisha kila kitu mahali pake, yeye akinitajia jina la kila kipande ninapomkabidhi. Tulipomaliza alinipeleka uani na kipande cha chaki. Akachora alama kwenye tairi pale linapogusa sakafu, na alama nyingine sakafuni. Akazungusha pedali duara moja tu huku akiisukuma baiskeli mbele, akachora tena pale ilipofika, kisha akapima kwa utepe. Akasema hiyo ndiyo hatua ya baiskeli. Mtu ana hatua yake, na baiskeli ina hatua yake kwa kila gia. Hatua ndefu inakimbia tambarare lakini inakuua kilimani. Hatua fupi inapanda kilima, lakini tambarare utakanyaga kama cherehani na hufiki. Kazi yote ya gia ni kutafuta hatua inayofaa miguu ya mtu na njia yake. Yaliyobaki ni nati.

Mpaka leo sijapata njia bora kuliko hiyo chaki. Ninyi mna simu zinazopiga hesabu ya meno ya mbele na ya nyuma na kipenyo cha tairi, na majibu yake ni sahihi, sikatai. Lakini ukimwonyesha mteja tarakimu, anaitikia tu kwa adabu. Ukimwonyesha alama mbili sakafuni, anaelewa, na anaanza kukuambia mambo ya njia yake ambayo simu haiyajui.

Uncle alikuwa na sheria nyingine ndogo ndogo. Usipime waya kwa macho. Usimpe mtu baiskeli iliyokazwa na mtu mwenye njaa. Na ile kubwa: usiitoe baiskeli ambayo hujaipanda mwenyewe barabarani, maana fundi ni kama mpishi, lazima aonje chumvi. Kwa hiyo alinifundisha kufunga kipande cha utepe kwenye bomba la kiti, pale kiti kilipo, kabla ya kukiinua ili nijaribu. Ukirudi unakishusha mpaka kwenye utepe, na mteja anakikuta kiti chake kama alivyokiacha. Hata Uvira tulikuwa na desturi ya kuonja. Hiyo sikuhitaji kufundishwa.

Ila kuna jambo moja Uncle hakulijua kuhusu mimi, nalo ni nguo.

Sisi watu wa Kongo mnatujua. Nilikuwa nikitoka nyumbani na suruali yenye mkunjo wa pasi na viatu vinavyong'aa, ninafika dukani navaa ovaroli, na jioni ninaivua ovaroli na kurudi nyumbani kama karani wa benki. Majirani wengi hawakujua kazi yangu kwa miaka miwili. Kanisani kwetu, mtaa wa Albert Park, nilifanywa mzee wa kanisa, na nadhani suti ilichangia. Sijutii usafi, msinielewe vibaya. Lakini mtu anayejali sana anavyoonekana anaweza kufika mahali akawa hajali anachokifanya, na yeye mwenyewe asione.

Uncle Sunny alipofariki, wanawe waliniomba niendelee na duka, na nikaendelea. Wateja walizidi. Wakongomani na Warundi wa Albert Park waliniletea kila kitu chenye magurudumu, hata viti vya watoto na mikokoteni ya sokoni. Waliniita Papa Anselme, yaani baba, mkono wa dhahabu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa mgema aliyesifiwa kila siku.

Hapo ndipo alipokuja Mama Divine.

Alikuwa mama wa Kirundi, mfupi, mwenye sauti ndogo, anaishi ghorofa ya tisa Albert Park na binti yake Divine. Kazi yake ilikuwa kumtunza gogo mmoja Cato Manor, yaani bibi mzee wa Kizulu, aliyepooza upande mmoja. Binti ya yule gogo alikuwa mwalimu, na ilimbidi aondoke nyumbani saa moja kamili asubuhi kwenda shuleni. Mzee hakuweza kuachwa peke yake, kwa hiyo Mama Divine akichelewa, mwalimu naye anachelewa. Na taxi ya asubuhi, kile kibasi cha abiria, haiondoki mpaka ijae, nanyi mnajua jinsi inavyoweza kukaa pale ikisubiri mtu mmoja. Alikuwa amechelewa mara nyingi. Mwalimu alimwambia bila hasira kwamba anampenda, na mama yake anampenda, ila wakuu wa shule wamemwonya, na mambo hayawezi kuendelea hivyo.

Basi mtu wa kanisani kwake akampa baiskeli ya kukunja. Ni zile ndogo, zenye magurudumu ya inchi ishirini, unafungua kitasa katikati ya fremu na inajikunja mara mbili, unaibeba kwenye lifti. Kwake ilikuwa lazima iwe hivyo, kwa sababu baiskeli ikiachwa chini ya lile jengo usiku mmoja, asubuhi unakuta kufuli tu. Shida ilikuwa moja. Ilikuwa na gia moja, na kati ya Albert Park na Cato Manor kimesimama kilima cha Berea.

Aliniambia, "Iko muzito, papa. Pa kilima ninashuka, ninasukuma. Na nikisukuma, ni vilevile na kutembea."

Niliitazama na nikatoa jibu kabla hajamaliza. Mbele ilikuwa na gurudumu kubwa la meno, lile sisi tulilozoea kuliita plato, lenye meno hamsini na mawili. Nikajiambia, kubwa kama sinia, ndiyo maana inamtesa. Nikamwambia arudi kesho. Nikatoa ile plato, nikafunga ndogo ya meno thelathini na manne niliyoivua kwenye baiskeli mbovu. Kikinga cha plastiki kilichouzunguka mnyororo hakikuenea tena, nikakitupa. Mnyororo nikaufupisha, ukabaki ukilegea kidogo, nikasema si kitu. Nikaipandisha kwenye stendi, nikazungusha pedali kwa mkono. Laini kama siagi.

Ngojeni niwaambie ni kipi sikukifanya. Sikuchukua chaki. Ningeichukua ningeona kwamba baiskeli ya gurudumu dogo inapewa plato kubwa kwa makusudi, kufidia udogo wa gurudumu. Hatua yake ilikuwa mita tano kasoro kidogo, na mimi nikaifanya mita tatu na robo. Nilimpa mama wa watu cherehani. Na sikuipanda. Ilikuwa saa kumi jioni, nimeshavua ovaroli, nimevaa suruali ya kijivu, na mtaa ule wa Greyville saa hizo umejaa watu ninaosalimiana nao. Mimi ni mrefu. Nilijiona kichwani mwangu, magoti yakigonga kidevu juu ya kibaiskeli cha mtoto, mzee wa kanisa mzima. Nikasema moyoni, hii ni kazi ndogo, haihitaji kuonjwa.

Mama Divine alikuja akaishika usukani, akaitazama juu mpaka chini.

"Papa, ulijaribu?"

"Nilijaribu, mama. Iko sharp."

Akasema asante, Mungu akubariki, akaondoka.

Siku mbili baadaye alirudi saa mbili na nusu asubuhi akiwa na sare yake nyeupe, na sare ina mstari mweusi wa grisi kuanzia kifuani mpaka gotini. Siku ya kwanza alikuwa amepanda kilima bila kushuka, kweli, lakini tambarare yote ya mjini alikanyaga mpaka miguu ikamtetemeka, akafika saa moja kasoro dakika moja. Siku ya pili hakufika kwa wakati. Baiskeli ikikunjwa hukaa ikiegemea upande wa mnyororo, na kwenye lifti hugongwa na watu. Kile kikinga nilichokitupa ndicho kilichokuwa kikiushikilia mnyororo. Ulichomoka, ukajibana kati ya plato na fremu. Alipambana nao kwa mikono kwenye njia ya miguu mpaka jua likatoka, kisha akakimbia kutafuta taxi. Mwalimu alikuwa mlangoni na mkoba begani. Alimwambia Mama Divine akaoshe mikono arudi nyumbani, leo amempata jirani wa kukaa na mzee. Na akamwambia kwamba kuanzia Jumatatu atampa nafasi moja. Akichelewa mara moja tu, atatafuta mtu mwingine.

Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na Divine. Hakunilaumu. Alisimama pale akiwa ameishika baiskeli yake kama mtu aliyeshika mtoto mgonjwa, akaniuliza kama inaweza kupona. Vijana, nimetukanwa na wateja wa kila aina, na hakuna tusi lililonichoma kama ile adabu yake.

Ilikuwa Alhamisi. Kesho yake, Ijumaa, alisema atakwenda kwa miguu. Angetoka saa kumi na nusu alfajiri, giza bado nene. Nilimwambia aiache baiskeli, ataichukua Jumapili jioni.

Alipoondoka nikatoa chaki. Nikapima, nikaona aibu yangu sakafuni, alama mbili zilizokaribiana. Nikaketi kufikiri. Alihitaji hatua fupi ya Berea na hatua ndefu ya mjini, na hakuweza kuwa na kile kidude cha kuning'inia, kwa sababu kwenye magurudumu madogo kinakaribia kugusa lami, na ndani ya lifti kingepindwa siku ya kwanza. Jibu lilikuwa limelala stoo kwa Uncle Sunny, kwenye boksi la biskuti: habu ya zamani, yaani kitovu cha gurudumu, yenye gia tatu ndani yake. Kwa nje unaona tumbo tu la chuma. Meno yote yamo ndani, na mnyororo unakaa mstari mmoja bila kuhama. Iwe imekunjwa au imekunjuliwa, ni sawa kwake.

Nilisuka gurudumu upya Ijumaa yote. Habu ilikuwa na matundu thelathini na sita na rimu yake pia, hapo Mungu alinihurumia, ila spoki ilibidi nizikate moja moja na kuzichonga nyuzi upya. Mbele nikafunga plato ya meno arobaini na sita pamoja na kikinga chake. Mnyororo nikaukaza, nikaacha ulegee kiasi cha unene wa kidole kidogo. Jumamosi jioni nikapima kwa chaki. Gia ya chini, mita tatu kasoro. Ya kati, karibu mita nne. Ya juu, mita tano na kidogo. Nikatabasamu peke yangu.

Mpango wangu ulikuwa kuijaribu Jumapili alfajiri, mtaa ukiwa mtupu. Mnaona? Bado nilikuwa nataka kuonja bila kuonekana nikila. Nikaivaa suti yangu ya ibada kabisa ili nipite moja kwa moja kanisani. Nikaikunja baiskeli mara moja kwanza, nione inavyokaa. Nikasikia kitu kinavutika. Waya wa gia nilikuwa nimeukata baiskeli ikiwa imekunjuliwa, na ilipokunjwa ulikazika kama kamba ya nguo, ukang'oka kwenye kishikizo. Shikeni hili, hata kama mtasahau mengine: kwenye baiskeli ya kukunja, waya hupimwa ikiwa imekunjwa. Sikuwa na waya mwingine mrefu. Ilibidi nisubiri duka moja la vifaa linalofunguliwa saa tatu. Nilipomaliza kufunga mpya ilikuwa saa nne kasoro, na saa nne ndiyo ibada yetu inaanza.

Nilisimama na ile baiskeli mlangoni, na sitawaficha, nilifikiria kuiacha hivyo. Kwenye stendi ilikuwa inakwenda vizuri. Gia zote tatu zilishika. Nani angejua?

Kisha nikaikumbuka ile sare. Nikafunga utepe kwenye bomba la kiti, nikakiinua kiti mpaka mwisho, nikaichomeka miguu ya suruali ndani ya soksi, nikapanda.

Njia ya Mama Divine ilianza Albert Park, kwa hiyo na mimi nilianzia Albert Park. Nilipita mbele ya mlango wa kanisa letu wakati kina mama wote wamesimama nje na vitambaa vyao vya Jumapili. Akacheka mmoja, halafu wote. Shemasi wetu aliniuliza kwa sauti kubwa kama ni zawadi ya kipaimara. Watoto walinikimbilia mpaka kwenye robot, yaani taa za barabarani, na ilipokuwa nyekundu ikabidi nisimame pale, magoti yakiwa mabegani, huku dereva wa taxi akitoa kichwa dirishani.

"Eish, baba," alisema, "umeiosha ikarudi kama nguo?"

Nilicheka mimi mwenyewe. Nashangaa mpaka leo jinsi ilivyokuwa rahisi. Miaka yote ile niliogopa kitu kinachochukua dakika tatu.

Tambarare ilikwenda vizuri kwa gia ya juu. Kwenye kilima cha Berea nikaweka ya chini, nikasimama kwenye pedali kama anavyosimama mtu mwenye haraka, na pedali ikapiga hewa. Ilizama chini ya mguu wangu kana kwamba hakuna mnyororo. Goti likagonga usukani, baiskeli ikayumba kuelekea katikati ya barabara, na taxi ikanipita karibu kiasi cha kuuhisi upepo wake. Nikafika ukingoni sijui vipi.

Waya ulikuwa umelegea kwa nusu mzunguko wa nati. Kwenye stendi, bila mzigo, habu ilikuwa inajifanya imeshika. Ukiweka uzito wa mtu na kilima, inabaki kati ya gia mbili, haishiki hii wala ile. Niliketi kwenye ukingo wa barabara. Sikuwa naogopa kwa ajili yangu. Nilikuwa nawaza kwamba kesho saa kumi na mbili asubuhi, pale pale, angekuwa ni yeye. Niliona uchungu, na nilijichukia, niseme ukweli.

Nikakaza nati nusu mzunguko. Nikashuka mpaka chini ya kilima, nikapanda tena. Nikashuka, nikapanda mara ya tatu. Kisha nikaenda mpaka Cato Manor, mpaka mtaa alionitajia, nikageuka. Goti langu la kushoto mnaloniona nikilikanda kila jioni lilianza kuuma siku hiyo.

Jioni Mama Divine alikuja na binti yake. Utepe ulikuwa umebanduka njiani, kwa hiyo kiti nilikishusha kwa kukadiria. Nilimwonyesha kibonyezo cha gia, nikamwonyesha jinsi ya kuikunja bila kuubana waya. Hakuniuliza kama nimeijaribu. Nikasema moyoni, imani imekwisha, na ni haki yake. Alijaribu kukaa, akaona kiti kiko juu, akashuka akakipunguza vidole viwili. Nikamwona akitabasamu, nikadhani anafurahia rangi ya kibonyezo, maana kilikuwa chekundu.

Jumatatu nilifika dukani saa kumi na mbili. Sikuwa na kazi ya saa hizo. Nilipanga spana, nikazipangua. Saa moja kasoro dakika ishirini na tano simu ikalia. Alikuwa ananong'ona.

"Papa Anselme, niko ndani. Gogo bado amelala."

Hakuchelewa tena. Alimtunza yule gogo miaka minne, mpaka alipofariki, na mwalimu mwenyewe ndiye aliyemsaidia kupata mafunzo ya uuguzi. Baadaye karatasi zake za kuhamia ng'ambo zikatoka. Wiki ya kuondoka alinijia hapa nyumbani, akapanda ngazi na baiskeli imekunjwa begani. Wakati huo nilikuwa nimeshaacha kazi. Macho yalikuwa hayaoni tena kama rimu imenyooka. Akasema kule anakokwenda ni barafu, na baiskeli inabaki na fundi wake.

Tulikunywa chai. Nilikuwa na jambo kooni miaka yote hiyo, nikalitoa. Nikamwambia kwamba mara ile ya kwanza, aliponiuliza, nilimdanganya. Sikuwa nimeipanda.

Akaweka kikombe chini.

"Nilijua, papa. Kiti kilikuwa palepale nilikiacha, hata vumbi ya pa bomba haikuguswa. Wewe na urefu yako yote, ungekaa namna gani?"

Nikamuuliza kwa nini basi aliichukua. Kwa nini hakusema.

"Ningesemaje? Wewe ni papa."

Alisema hivyo kwa upole, kama jambo ambalo kila mtu analijua. Kisha akaongeza kwamba ile Jumapili alipokuta kiti kiko juu vidole viwili, alilala usingizi mzuri.

Nimelifikiria neno lile, wewe ni papa, kuliko yote niliyofundishwa na Uncle Sunny. Tumewalea ninyi kwa msemo wa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ni msemo mzuri. Lakini yule mama alilisikia la mkuu. Aliona kwa macho yake kwamba mkuu anadanganya, akanyamaza kwa heshima, akaipeleka heshima hiyo barabarani, na nusura impotezee kazi. Mimi nilizoea kuipokea heshima ya watu kama haki yangu, sikuwahi kuuliza inawagharimu nini.

Siku hizi naipanda mwenyewe baiskeli ya Mama Divine, asubuhi, pale kwenye tambarare ya ufukweni, gia ya juu, na suti ikiwa ni Jumapili. Watoto wanacheka, wacha wacheke. Ninyi sasa mnafunga mota na betri, mnapeleka watu chakula, mnaniletea kazi zenu nizikague na kuniuliza maswali ya adabu. Nami nina umri wa kutosha kuanza kuchoka, nikasema tu ndiyo, nimeijaribu, iko sawa. Mkinisikia nikisema hivyo, angalieni kiti. Mkikuta hakijaguswa, niambieni. Sitakasirika. Na nikikasirika, niambieni tena.